Popo na Wenzake: Uhakiki wa Somo la Kuainisha Viumbe

Hapana watu duniani wasiopanga vitu. Mkulima hutenga mbegu ya kupanda na nafaka ya kula. Mvuvi akifika pwani hugawa samaki mafungu, la mnada na la kitoweo. Na lugha yetu yenyewe hailipokei neno kikamilifu mpaka limepata ngeli. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi anapofungua kitabu cha sayansi na kuambiwa kuwa leo atajifunza kuainisha viumbe hai, haanzi jambo jipya. Jambo hilo amelianza tangu alipojua kusema. Makala haya yanakusudia kulihakiki somo hilo kama tunavyohakiki utungo: kutazama lina maana gani, linatumia lugha gani, na linamwachia nini anayelipokea. Mimi si mwanasayansi. Elimu yangu ya darasani iliishia sekondari, na kazi yangu imekuwa ya ofisi ya serikali na ya kutunga mashairi. Lakini kupanga maneno kwa vina na mizani kumenifunza jambo moja linalohusu somo hili pia, nalo ni kwamba mpango usiojulikana sababu yake haudumu kichwani mwa mtu.

Miaka michache iliyopita, nikiwa katika safari ya kikazi, nilikaribishwa katika darasa la shule moja ya msingi iliyo karibu na bahari. Mwalimu aliandika ubaoni majina kumi: popo, kunguru, kipepeo, nyangumi, papa, pweza, ng'ombe, paka, kenge na chura. Wanafunzi wakaambiwa wawagawe viumbe hao katika makundi. Msichana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliwagawa mafungu matatu. Popo, kunguru na kipepeo aliwaweka pamoja. Nyangumi, papa na pweza akawapa fungu lao. Ng'ombe, paka na kenge wakawa fungu la tatu. Chura alimwandika peke yake pembeni mwa karatasi. Daftari liliporudi lilikuwa na alama za mkosa kutoka juu hadi chini.

Nikamwuliza, "Binti yangu, mbona popo umemweka na kunguru?" Akajibu, "Kwa sababu wote wanaruka, mzee." "Na chura je?" Akasema, "Huyo ana makao mawili, majini na nchi kavu. Nimemwacha mlangoni." Baada ya kipindi nilimwuliza mwalimu kwa nini popo awekwe pamoja na ng'ombe na paka. Alinijibu kwa heshima na kwa uaminifu, "Kitabu ndivyo kinavyosema, ndugu. Popo ni mamalia."

Jibu la mwalimu lilikuwa sahihi, na jibu la mtoto kwa mujibu wa sayansi lilikuwa na kosa. Hata hivyo, tukiuliza ni nani kati yao aliyekuwa ameainisha, hatuna budi kumtaja mtoto. Yeye alikuwa na kigezo, tena alikifuata mpaka mwisho, na alipomkuta kiumbe asiyeingia katika kigezo chake hakumlazimisha. Mwalimu alikuwa na jina tu. Simlaumu mwalimu yule, kwani darasa lake lilikuwa limejaa, kipindi kilikuwa kifupi, na mtihani uliokuwa mbele yao ungeuliza majina. Lawama yangu ni kwa desturi iliyozoeleka ya kulifanya somo hili kuwa orodha ya kukariri. Desturi hiyo humnyang'anya mtoto swali lake na kumpa jibu la mtu mwingine, kisha hushangaa kwamba jibu hilo amelisahau kabla ya likizo kwisha.

Ubaya wa desturi hii huonekana zaidi tunapoichunguza lugha ambayo mtoto huja nayo shuleni. Kiswahili kina uainishaji wake wa viumbe, na uainishaji huo una taratibu zake. Tazama upatanisho wa kisarufi. Kifaru kwa umbo lake angeweza kuingia pamoja na kitabu na kikombe, wala wingi wake ni vifaru kama vikombe. Lakini hatusemi "kifaru kimelala". Twasema kifaru amelala, kipepeo ameruka, kiboko amezama. Simba na tembo hufanana kwa umbo na nyumba na ngoma, ila nao huchukua upatanisho ule ule wa mtu. Kwa upande wa pili, mwembe ni kitu hai bila shaka yoyote, hukua, huzaa na hufa, na bado twasema mwembe umeanguka. Kumbe lugha imekwisha kupiga mstari mkubwa kati ya viumbe wanaojiendea wenyewe na vile vinavyosimama mahali pamoja. Mstari huo unakaribiana sana na ule ambao wanasayansi waliupiga kati ya wanyama na mimea. Mwalimu anayetaka kuanza somo hili hana haja ya kutafuta mlango mbali. Mlango umo katika sentensi za wanafunzi wake.

Aidha, lugha hiyo hiyo husitasita palepale ambapo sayansi nayo husitasita. Twasema virusi vimeenea, kwa upatanisho wa vitu. Tufikapo kwa bakteria, mmoja husema wamezaliana na mwingine husema zimezaliana. Uyoga huota kama mmea, nao huchukua upatanisho wa u, japo sayansi imekwisha kuutoa katika mimea. Je, virusi ni viumbe hai? Wanasayansi wenyewe wamelibishania swali hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa virusi haviwezi kuzaliana mpaka viingie katika chembe hai ya kiumbe kingine. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini tunasema "virusi vya" na wala hatusemi "virusi wa", atakuwa ameingia katika mjadala wa biolojia kwa kupitia sarufi. Ajabu ni kwamba neno ngeli hutumiwa na mwalimu wa Kiswahili kwa maana ya makundi ya majina, na vitabu kadhaa vya sayansi hulitumia kwa maana ya daraja mojawapo la viumbe. Walimu hao wawili hukaa katika ofisi moja, hunywa chai pamoja, na aghalabu hawajapata kuambiana kuwa wanafundisha jambo la aina moja.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kuwa natetea kila neno la nyumbani. Uainishaji wa nyumbani hufuata haja ya matumizi, na mara nyingi haja hiyo huficha nasaba. Chukua neno dagaa. Dagaa wa Kigoma, wanaovuliwa katika Ziwa Tanganyika, wako katika jamaa ya samaki wa aina ya saladini. Dagaa wa Mwanza, wa Ziwa Viktoria, ni wa jamaa nyingine kabisa. Sisi tumewapa jina moja kwa sababu wote ni wadogo, huvuliwa kwa wingi, huanikwa juani na huliwa wazima. Kwa mpishi na mfanyabiashara mpango huo unatosha. Kwa mtu anayetaka kujua samaki hao huzaliana vipi na wavuliwe kwa kiasi gani hautoshi hata kidogo. Kadhalika neno mbu. Nyumbani mbu ni mbu. Lakini anayeeneza malaria ni mbu jike wa jenasi ya Anopheles, na anayeeneza homa ya dengu ni wa jenasi ya Aedes. Wa kwanza huuma usiku, wa pili huuma sana mchana. Mtu asiyewatofautisha hudhani kwamba akiisha kulala ndani ya chandarua amekwisha kujikinga na wote wawili. Hapo kuainisha si pambo la mtihani. Ni kinga ya mwili.

Yako pia maneno ambayo shule imeyachukua nyumbani na kuyabadilisha maana bila kumwarifu mtoto. Neno mdudu nyumbani ni kila kidogo kitambaacho: siafu, buibui, tandu, nge, jongoo, hata funza. Shule imelibana neno hilo liwe la wenye miguu sita tu, na buibui mwenye miguu minane akatolewa nje. Neno mnyama limefanyiwa kinyume chake. Nyumbani mnyama ni wa miguu minne, mwenye nyama ya kuliwa au meno ya kuogopwa. Shule imelipanua hata likamkusanya kipepeo, mnyoo, sifongo wa baharini, na binadamu mwenyewe. Hapa pana jambo zito. Katika utamaduni wetu kumwita mtu mnyama ni kumtukana, na unyama ni jina la ukatili. Mtoto anaposoma kwamba binadamu yumo katika himaya ya wanyama, yumkini atacheka, au atakasirika, au atalipeleka neno hilo nyumbani na kuzusha ugomvi na bibi yake. Mwalimu mwenye busara atatumia dakika tano kueleza kuwa neno hili lina maana mbili, moja ya maadili na moja ya sayansi, na kwamba ya pili husema juu ya mwili, chakula na uzazi, wala haipunguzi utu wa mtu. Dakika tano hizo ni za elimu ya sayansi, ya lugha na ya uraia kwa pamoja.

Sasa tuitazame sayansi yenyewe, kwa kuwa imezoeleka kuletwa darasani kama amri isiyo na mwanzo. Mpango tunaoufuata ulipata sura yake kwa juhudi za Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1707 na kufa mwaka 1778. Kitabu chake cha kwanza cha kupanga viumbe kilitoka mwaka 1735, na humo nyangumi aliwekwa pamoja na samaki, kama alivyofanya yule binti wa mvuvi. Mtaalamu huyo alijisahihisha katika toleo la kumi la mwaka 1758, akamhamishia nyangumi kwa wanyama wanaonyonyesha, kundi ambalo alilitungia jina la mamalia. Na popo je? Katika toleo hilo hilo Linnaeus alimpanga popo katika oda moja na binadamu, nyani na komba, kwa kutazama meno ya mbele na maziwa mawili yaliyo kifuani. Leo hakuna anayekubali mpango huo. Popo wamepewa oda yao wenyewe. Ikiwa bingwa wa uainishaji alimhamisha nyangumi na akamkosea popo, ya nini kumwekea mtoto alama ya mkosa bila kumwuliza amefuata kigezo gani?

Wala mabadiliko hayakukoma hapo. Linnaeus aliwagawa viumbe hai katika himaya mbili, ya wanyama na ya mimea. Mwaka 1969 Robert Whittaker alipendekeza himaya tano, akaipa kuvu na uyoga himaya yao. Mwaka 1977 Carl Woese na mwenzake walionyesha kuwa kati ya vile vilivyoitwa bakteria mlikuwa na kundi jingine tofauti kabisa, na mwaka 1990 ukatokea mpango wa milki tatu zilizo juu ya himaya. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa uyoga una nasaba ya karibu zaidi na wanyama kuliko na mchicha. Hata neno samaki limetikiswa, kwa kuwa baadhi ya wanaoitwa samaki wako karibu zaidi kinasaba na wanyama wa miguu minne kuliko na jodari. Mmoja wao ni silikanti, ambaye kabla ya mwaka 1938 alijulikana na wataalamu kwa mabaki ya mawe tu, na ambaye tangu mwaka 2003 wavuvi wetu wa pwani, hasa wa Tanga, wamekuwa wakimnasa katika nyavu zao. Mwalimu anayesema "himaya ni tano, andikeni" anafundisha tarehe moja ya historia kana kwamba ndiyo mwisho wa historia.

Kigezo kikuu cha sayansi ya leo ni nasaba, yaani nani amezaliwa katika ukoo wa nani. Jambo hili watoto wetu hulielewa upesi, kwa sababu wamelelewa katika jamii zinazotambua koo. Waulize: chui ana madoa, duma ana madoa, simba hana; ni nani ndugu wa chui? Karibu wote watasema duma. Kisha waonyeshe majina ya kitaalamu. Simba ni Panthera leo, chui ni Panthera pardus, duma ni Acinonyx jubatus. Jina la kwanza ni kama jina la ukoo, na la pili ni la mwenyewe. Chui na simba wana jina moja la ukoo, na duma ana lake. Fisi naye, ambaye kila mtu humwona kuwa mbwa mwenye kilema, nasaba yake iko upande wa paka na nguchiro. Pimbi wa majabalini, mdogo kama sungura, ana udugu wa mbali na tembo na nguva, na sange mwenye pua ndefu, aliyedhaniwa kuwa jamaa ya wanyama wadogo walao wadudu, amekutwa katika mlango huo huo wa Kiafrika. Nguo zinaweza kufanana kati ya watu wasio ndugu, na ndugu wa damu wanaweza kuvaa nguo mbalimbali. Mtoto akilielewa hilo, hatamwacha popo kwa kunguru. Ataona mwenyewe kwamba popo ana manyoya ya mnyama, huzaa, hunyonyesha, na bawa lake ni mkono wenye vidole virefu vilivyovutiwa ngozi.

Jambo jingine linalostahili kuhakikiwa ni mifano. Vitabu vingi vya kiada vimezoea kusema kuwa amfibia hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi, vikawa vyura. Ni kanuni nzuri, lakini nchi yetu inayo jenasi nzima ya vyura wasioitii. Yule chura mdogo wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Alipata kujulikana kwa wataalamu katika miaka ya 1990, wakati mradi wa umeme ukijengwa. Maji ya maporomoko yalipopunguzwa makao yake yakakauka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa na wale waliopelekwa kufugwa Marekani mwaka 2000, na kuanzia mwaka 2012 wazao wao walianza kurudishwa bondeni. Mtanzania anayemtaja chura huyu bila kujua kwamba huvunja kanuni ya kitabu amepoteza nusu ya utamu wa habari.

Na uko mfano ulio karibu zaidi na utamaduni. Katika nyanda za juu za kusini, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina la nyani mmoja wa msitu wa Rungwe, kipunji. Watafiti walilisikia jina kabla ya kumwona mwenye jina. Mwaka 2003 wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu wa sayansi. Mwanzoni aliwekwa katika jenasi iliyokuwapo, lakini mwaka 2006, baada ya vinasaba vyake kuchunguzwa, ikaonekana kuwa anastahili jenasi yake mwenyewe, nayo ikaitwa Rungwecebus. Jina lake kamili ni Rungwecebus kipunji: mlima wa kwetu mbele, na neno la wawindaji nyuma. Hapa maarifa ya kienyeji hayakudharauliwa wala hayakuabudiwa. Yalitumika kuwa mwanzo, sayansi ikaongeza kigezo na ushahidi, na matokeo yakabeba alama ya pande zote mbili. Sijui mfano bora zaidi wa kuwaeleza wanafunzi maana ya utamaduni wa taifa ndani ya somo la sayansi.

Limebaki suala la lugha ya kufundishia. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha akiingia Kidato cha Kwanza somo lile lile humrudia kwa Kiingereza. Lau uainishaji angefundishwa kama fikra, fikra hiyo angevuka nayo. Kigezo hakibadiliki kwa kubadilishwa lugha. Lakini aliyekariri majina huyaacha yote ng'ambo ya kwanza na kuanza kukariri upya. Istilahi tunazo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Baadhi ni zetu, baadhi ni za mkopo, na hakuna aibu katika mkopo. Kinachopungua ni kuzitumia katika sentensi zenye hoja, mtoto akasema "nimemweka hapa kwa sababu", badala ya kuziimba kama wimbo wa paredi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu ni mdogo na hauhitaji fedha. Kabla ya kutaja jina lolote la kitabuni, wapeni wanafunzi kapu la vitu: majani, maganda ya kombe, mabawa ya panzi, manyoya, maua, uyoga. Wavipange wapendavyo, kisha kila mmoja aseme kigezo chake. Wavipange tena kwa kigezo kingine, waone mafungu yanavyobadilika. Baada ya hapo leteni kigezo cha sayansi, na mweleze kinafaa kwa kazi gani. Kwenu wanafunzi nasema, msione haya kuuliza "kwa nini hapa?" Swali hilo ndilo lililomtoa nyangumi kwa samaki.

Yule binti wa mvuvi sikumwona tena. Natumaini kwamba mtu fulani aliwahi kumwambia kuwa mpango wake ulikuwa wa kufikiri, na kwamba chura aliyemwacha mlangoni ndipo alipokuwa karibu zaidi na mwanasayansi. Na kwa kuwa mtunzi hawezi kuondoka bila kuacha beti moja, naifunga hoja hivi:

Kila kiumbe na zizi, kila zizi na mlango,
Usimpe mwanafunzi, majina bila mpango,
Mpe kwanza uchunguzi, ndipo umpe viwango,
Swali ndilo kiongozi, majina yawe mtungo.